Kabla ya kuhamia shambani, mkague mtoto ngozi

Mvua za Kusini zikianza, Novemba au Desemba, familia nyingi za Mtwara na Lindi huhama na watoto kwenda kulala shambani. Zahanati inabaki mbali na njia zinajaa tope. Kwa hiyo, kabla ya kufunga mizigo, mvue mtoto nguo mchana kwenye mwanga. Tazama puani, mdomoni, nyuma ya masikio, makalioni na katikati ya vidole.

Malengelenge yanayopasuka upesi na kuacha gaga la rangi ya asali ni maambukizi ya bakteria, na huhamia kwa wenzake kwa mikono na taulo. Ngozi yetu nyeusi huficha wekundu, basi tumia mgongo wa mkono: penye maambukizi pana joto, pamevimba, panang'aa, na mtoto hukwepa ukipagusa.

Vipele vya katikati ya vidole vinavyowasha zaidi usiku ni ugonjwa wa upele (scabies), na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunatibu usaha, tunauacha upele; mtoto anajikuna, kucha zinafungua ngozi upya, vidonda vinarudi. Upele hutibiwa nyumba nzima kwa pamoja, hata asiyewashwa, na nguo na matandiko hufuliwa na kuanikwa juani. Unapochukua dawa taja umri wa kila mtoto, kwa kuwa ya wadogo huzimuliwa.

Watoto wanaochoma korosho nao waangaliwe vidole na midomo. Mafuta ya ganda huunguza, na palipoungua bakteria hupata mlango.

Beba sabuni, GV (dawa ya zambarau ya kupaka vidonda), vitambaa safi na kikata kucha. Kule Newala na Tandahimba maji ni ya kubana, lakini dumu la kidonda litengwe. Loweka gaga kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka lilegee lenyewe, kausha, paka GV, mara mbili kwa siku. Jipu lisikamuliwe. Unga wa kapsuli usinyunyiziwe kidondani, wala mtoto asipewe vidonge vilivyobaki vya kaka yake. Dozi hupimwa kwa uzito. Vidonda vikiwa vingi, au visipopungua kwa siku mbili tatu, mpeleke zahanati.

Usingoje hata kesho akiwa na homa, amelegea, hanyonyi au hali, uvimbe unatambaa au umefika jichoni. Kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye vipele vya usaha naye apelekwe siku hiyo hiyo. Kubalianeni mapema na mwenye bodaboda atakayeitika usiku, na nauli iwekwe kando.

Kidonda kikipona, endelea kumwangalia kwa wiki kadhaa. Akiamka uso umevimba, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, huenda figo zimeguswa. Mpeleke hospitali na ueleze kwamba alikuwa na vidonda.