Kuandaa Zoezi la Kuigiza Dharura ya Njia ya Hewa

Zoezi liwe na lengo moja. Katika dharura ya njia ya hewa, lengo ninalolipa uzito ni timu kutamka mapema, kwa sauti, kwamba mpira wa kupumulia umeshindikana na oksijeni haifiki. Nchini Uingereza mwaka 2005, Elaine Bromiley alifariki baada ya madaktari kung'ang'ania kuingiza mpira, ilhali muuguzi alikuwa ameshaleta vifaa vya kutoboa njia ya hewa shingoni. Ujuzi ulikuwepo chumbani.

Fanyeni zoezi palepale timu inapofanyia kazi, kwa toroli lake la dharura, baada ya kuthibitisha kwamba hakuna mgonjwa anayekihitaji chumba. Dawa na vifaa vya mazoezi viwekewe alama na vihesabiwe kabla na baada, visije vikachanganyika na vya wagonjwa. Wahakikishieni washiriki kwamba hawasahihishwi mtihani, na mkubaliane neno la kusimamisha zoezi ikizuka dharura ya kweli.

Mwezeshaji anaanza na oksijeni ya damu ya asilimia 98, kisha anaishusha polepole: 90, 80, 70. Miongozo ya mwaka 2015 ya Difficult Airway Society, chama cha Uingereza cha wataalamu wa njia ya hewa, iliruhusu majaribio 3 ya laringoskopu (kifaa cha kuangalia koo wakati wa kuingiza mpira), na la 4 kwa mwenzao mzoefu zaidi tu. Kwa hiyo mtu mmoja asiyeshika kifaa chochote ayahesabu kwa sauti, bila kujali cheo cha anayejaribu. Mpira ukiingia lakini mashine isionyeshe kaboni dioksaidi katika pumzi, uchukuliwe kuwa hauko mahali pake. Kifaa cha kukaa juu ya koromeo kikishindwa, na barakoa nayo ikishindwa, kiongozi atangaze hali hiyo, ndipo kisu namba 10, kijiti cha kuongozea na mpira wa ukubwa wa 6.0 vitumike kutoboa njia ya hewa shingoni. Hatua hii ya mikono ifundishwe peke yake kabla, kwa sababu anayeishika mara ya kwanza katikati ya kelele hajifunzi kitu.

Mjadala wa baadaye upewe muda mrefu kuliko igizo lenyewe. Swali ninaloliona na faida kuliko yote ni hili: ulijua saa ngapi, na ulisema saa ngapi? Linganisheni majibu na kumbukumbu za mhesabu muda, kisha mrudie igizo lilelile kwa kubadilishana nafasi. Droo iliyokutwa na upungufu ijazwe kabla timu haijatawanyika.