Umealikwa harusi Mombasa? Jua kufunga leso (kanga) na kikoi kwanza

Kila mwaka napata mgeni wa bara anayeniuliza avae nini harusini, na mimi namwambia kabla ya nguo uliza umealikwa wapi, manake huku harusi moja ina pande mbili, wanaume wanaenda nikaha, yaani kufungisha ndoa, msikitini na wanawake wana kupamba yao, sherehe ya bibi harusi aliyepambwa, ukumbini ambako mwanamume haingii, kwa hivyo nguo yako ndiyo inayosema unaelekea upande gani hata kabla hujafungua mdomo.

Sasa kikoi na leso zote ni kipande cha pamba cha pembe nne tu, hakijashonwa kitu. Kinachofanya hiki kiwe cha kiume na kile cha kike ni ufumaji, maua na namna ya kufunga, na mimi hilo nalipenda sana.

Kwa mwanamume: kikoi kina mistari pembeni na matamvua. Kizungushie nyuma ya kiuno, vuta ncha moja ibane tumbo, leta ya pili juu yake, halafu viringisha ukingo wa juu kwa nje mara mbili tatu mpaka ushike. Usisokote ncha na kuchomeka kama leso, watu wataona! Juu yake kanzu nyeupe na kofia ya mkono, ile ya vitundu vidogo vidogo. Wengi hawaachi nguo ishuke chini ya kifundo cha mguu, na kwa Waislamu hariri na dhahabu ni za wanawake, pete yako iwe ya fedha.

Kwa mwanamke: nenda Biashara Street ununue leso jozi, zinauzwa zikiwa zimeshikana, unakata katikati na mafundi wa hapo nje wanakupindia papo hapo. Tafadhali soma jina kabla ya kulipa, yale maandishi ya chini, kuna mafumbo mle na ukienda nayo kwa mama mkwe wa bibi harusi ataisoma kama umemwandikia yeye. Moja pitisha chini ya makwapa, sokota ncha na uchomeke kifuani, jina likae nyuma na lisomeke, lisiwe kichwa chini. Ya pili kichwani na mabegani. Hivi ni vya shughuli za nyumbani, kupika na hina, lakini usiku wa kupamba vaa gauni lako zuri na buibui juu, ukifika ndani unavua, na hapo ndipo utaona mapambo, piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, mikononi, asumini na vikuba, vishada vidogo vya maua, kwenye nywele, wanawake waliopita barabarani weusi tii saa hizi wanang'aa.

Simu iache ndani ya mkoba. Wale wamevua buibui kwa kuwa wanaaminiana, na pengine utaombwa uiache mlangoni kabisa, itoe tu bila kubishana.