Alifu kwa ujiti: kuandika alifu na "Hu" kwa hati ya thuluthi na adabu zake za Kisufi

Mtu aliyevutwa na hati ya Kiarabu kwa upande wa tasawufi mara nyingi hukimbilia maana: alifu ni upweke wa Mungu, nukta ya bee ni asili ya viumbe, wau ni mja aliyeinama. Maana hizo zipo, na Ibn Arabi (1165–1240) aliziandikia kurasa nyingi. Ila huko Istanbul, ambako hati na usufi vililelewa nyumba moja kwa karne kadhaa, mwanafunzi hakuanzishiwa hapo. Alipewa tete, kisu na dua moja ya kunakili: Rabbi yassir wala tuassir, Rabbi tammim bilkhayr, yaani Mola wangu fanya wepesi usifanye uzito, Mola wangu timiza kwa kheri. Dua hiyo peke yake iliweza kumla miezi. Basi nasi tuanze na tete.

Kalamu

Tafuta tete kavu na gumu, lenye ganda la kahawia linalong'aa, unene milimita 8 hadi 10, urefu sentimita 20 hadi 25. Yanayosifiwa zaidi hutoka Dezful, Iran. Matete ya mtoni kwetu yanafaa kwa mazoezi yakianikwa kivulini mpaka yakauke kabisa. Likitumika bichi, tete hunywa wino, likalainika na ncha ikapinda kabla hujamaliza mstari.

Kuchonga kuna hatua nne, nazo zina majina yake ya Kiarabu. Ya kwanza ni fat-hi, kufungua: kata upande mmoja kwa mteremko wa sentimita 3 hadi 4 mpaka tumbo la tete lionekane, kisha kwangua nyama laini ya ndani libaki ganda tupu. Usione uvivu hapa, maana nyama ikibaki hufyonza wino na kuuachia kwa mafungu, herufi zikawa na madoa. Ya pili ni nahti: punguza mbavu mbili sawasawa mpaka ulimi ubaki na upana wa milimita 3 hivi. Ya tatu ni shaki, ufa wa katikati wenye urefu wa sentimita moja na nusu, unaoshusha wino hadi nchani. Ufa ukienda kombo, jino moja la kalamu (nusu moja ya ncha) litalewa na jingine litakauka.

Ya nne, kati, yaani kukata ncha, ndiyo inayowashinda wengi. Laza ulimi juu ya kipande cha mfupa au plastiki ngumu (Waosmani walitumia makta ya pembe ya ndovu), weka kisu kikali mshazari, ukandamize mara moja. Unatakiwa usikie "tak!" moja tu. Ukipeleka kisu mbele na nyuma kama msumeno, ncha hutoka na nyuzi na kila mstari utakuwa na manyoya pembeni. Mshazari wa digrii 30 hadi 40 unatosha kwa thuluthi. Ukiielekeza ncha juu na mgongo wa kalamu ukikutazama, jino la kulia lizidi la kushoto. Ukigeuza, kalamu itakuwa nzuri kwa macho na haitaandika Kiarabu.

Maranda usiyatupe. Waandishi wa Kiosmani waliyaweka akiba maisha yao yote ili siku ya mwisho yachemshie maji ya kuoshea maiti zao. Na Wamevlevi, watu wa njia ya Jalaluddin Rumi, huiona kalamu kuwa ndugu wa nai, ile filimbi yao: zote mbili zimekatwa kwenye tete, zikatolewa vya ndani, zikaachwa tupu.

Wino

Wino wa asili ni masizi na gundi. Katika msikiti wa Süleymaniye, uliomalizika 1557, moshi wa taa za usiku ulivutwa hadi chumba kilicho juu ya mlango mkuu, na masizi yake yakakusanywa kwa wino. Yaani taa iliyowaangazia wanaoswali ndiyo iliyorudi kuandika aya.

Fomula ya zamani ya Waajemi ni hii: sehemu moja ya masizi, moja ya zaji (chumvi ya chuma), mbili za mazu (vivimbe vya mti wa mwaloni), nne za gundi ya mgunga. Anayeanza aache zaji na mazu, kwa sababu mchanganyiko huo una asidi na huila karatasi. Loweka gundi usiku kucha, ichuje, iwe nzito kama asali. Tia masizi ndani ya gundi, kamwe usiyatie kwenye maji matupu: masizi hayapatani na maji, yataelea tu. Twanga kwenye kinu kidogo kwa saa kadhaa, ndipo uongeze maji kidogokidogo. Uandike mstari, uuache ukauke, uupitishie kidole. Kidole kikitoka na weusi, gundi ni chache. Mstari uking'aa na kupasuka, gundi imezidi.

Ndani ya kidau weka lika, fundo la nyuzi za hariri mbichi. Kalamu huligusa tu, ikachukua kiasi, na ncha haigongi chini.

Karatasi

Karatasi ya kawaida hunywa wino, kalamu ikakwama. Dawa yake ni ahari, ganda la kupaka juu ya karatasi. Chukua ute wa mayai matatu, zungushia ndani kipande cha shabu chenye ukubwa wa kidole gumba mpaka ute ukatike na kufanya povu, uache utulie, uchuje kwa melimeli. Paka mara mbili, kila mara ukauke. Kabla ya wiki kupita, sugua kwa jiwe la akiki, ukipitisha kwanza kitambaa chenye sabuni kavu kidogo ili jiwe liteleze. Ukichelewa, ganda la ute hupasuka chini ya jiwe. Halafu weka kabatini; mwaka mmoja si mwingi, kwani ahari mbichi huukataa wino.

Faida yake ni kwamba wino hukaa juu ya ganda, na kosa hufutika kwa unyevu, hata kwa ulimi. Ndiyo maana Waturuki humwita mtu aliyesoma "aliyeramba wino".

Alifu

Tawadha, keti chini, goti la kulia juu, karatasi juu yake ikiwa na kitu cha kuegemea. Mwanga utoke kushoto. Sema bismillahi kabla ya kuchovya.

Anza na nukta: kandamiza ncha nzima, vuta kidogo tu kuelekea kulia chini, inue. Itatoka msambamba mdogo. Panga nukta saba wima, pembe ikigusa pembe. Huo ndio urefu wa alifu ya thuluthi (ya naskhi, mtindo mwingine wa hati, ni tano). Kipimo hiki ni urithi wa Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki 940, na uzuri wake ni kwamba hakijali sentimita: hukatwa na kalamu uliyoishika. Masufi waliosema alifu ni nukta iliyotembea hawakuwa wakitafuta fumbo la mbali. Wameeleza kinachoonekana kwenye ubao wa mwanafunzi.

Sasa andika alifu kando ya nukta hizo kwa mkupuo mmoja. Vuta pumzi kabla, izuie kalamu ikishuka, itoe ukiinua. Sheikh Hamdullah (1436–1520), ambaye mkondo mzima wa hati ya Kiosmani unaanzia kwake, alikuwa pia sheikh wa wapiga upinde wa Istanbul, na anayejua kuachia mshale anajua kwa nini. Mstari ukitetemeka katikati, umebana kalamu mno au unakwenda polepole mno. Ukinenepa na kukonda ovyo, kalamu inazunguka vidoleni. Ukinyooka kama wa rula, umekufa: alifu ina mgongo mdogo sana, wa kuhisi kuliko kuona.

Andika 33, hesabu ya tasbihi, kisha uache hata kama mkono umekolea. Ya thelathini na nne huandikwa kwa ajili ya kujisifu.

Hu

Neno "Hu", Yeye, ni hee na wau, nalo hutundikwa peke yake kwenye kuta za zawia, nyumba za Masufi. Hee ya mwanzo ina macho mawili. Usiyazibe, na jicho la wau nalo liwe wazi. Wino ukijaa humo, umechovya kupita kiasi. Toka hee uingie wau bila kuinua, na mkia wa wau uushushe pamoja na pumzi inayotoka, kama neno lenyewe linavyotoka kwenye dhikri. Mkia ukikatika kabla ya kuisha, wino umekauka nchani: rudia neno zima, usiunge kiraka.

Kwa abjadi, hesabu inayoipa kila herufi namba yake, wau ni 6, na wau mbili zikikaa pamoja husomwa 66, jumla ileile ya herufi za jina Allah (1+30+30+5). Ndiyo sababu moja ya wau kupendwa hivyo, kama ile kubwa iliyo ukutani Ulu Cami, Bursa. Hesabu hiyo inapendeza. Haitaunyoosha mkia wako.

Kwa hilo unahitaji mwalimu. Video huonyesha umbo, haionyeshi uzito wa mkono. Mwalimu husahihisha kwa kuandika herufi yake chini ya yako, na baada ya miaka hutoa ijaza, idhini inayokuunga na silsila yake, mnyororo wa walimu wake. Kabla ya hapo usitie saini ya katabahu, "ameiandika fulani".

Karatasi za mazoezi zenye jina la Mungu haziendi jalalani. Zilizotiwa ahari zioshe ndani ya beseni. Wino wa masizi na gundi hutoka, kama zafarani ya kombe inavyotoka kwenye sahani nyeupe. Maji yamwage shinani mwa mti, mahali pasipokanyagwa. Karatasi ikikauka, isugue tena kwa akiki, itabeba somo jingine.