Oili ya mashine ya boti: pima, usikisie

Mashine ya boti ya kuchanganyiwa oili kwa mkono haina akiba ya oili ndani. Oili huingia pamoja na petroli, ikapaka beringi, pistoni na ringi, kisha ikaungua na kutoka na moshi. Ukikosea kwenye tangi, umekosea kote. Hapa Lamu nimefungua mashine ambazo pistoni imekwaruzika upande mmoja kama iliyopigwa tupa. Nikimuuliza nahodha alipimaje, ananiambia, "Kwa macho, fundi. Rangi ilikuwa sawa." Rangi haipimi chochote.

Hatua ya 1: Jua kipimo. Mashine nyingi ni 1 kwa 50, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Nyingine ni 1 kwa 100, kwa hivyo soma kitabu cha mashine yako, usiige jirani. Mashine ikiwa mpya, inahitaji oili zaidi saa za mwanzo.

Hatua ya 2: Nunua oili ya boti, chupa iliyoandikwa TC-W3. Ya pikipiki imetengenezewa injini inayopozwa kwa upepo. Huacha majivu, na ringi zikishikwa na majivu nguvu hupotea.

Hatua ya 3: Changanya nchi kavu. Tia nusu ya petroli, tia oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Usingoje kuchanganya ukiwa kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, boti inayumba na maji yanakupwa. Tangi likilala, litikise tena asubuhi.

Hatua ya 4: Oili ya gia, kwenye mguu wa mashine. Hii ndiyo inayosahauliwa. Ibadilishe kila saa 100. Simamisha mashine wima, fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, na uikinge oili kwenye kopo. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya chumvi yameingia. Toa panka (propela) uangalie shafti: mara nyingi utakuta mshipi wa nailoni umejizungusha na kukata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji. Badilisha sili kabla ya kutia oili mpya.

Jaza kupitia tundu la chini mpaka oili itokeze juu bila mapovu. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uondoe chupa ya oili na kufunga ya chini haraka, zote kwa washa (pete za kuziba) mpya.