Kurekodi ekran na sauti yako juu ya banafunzi, vile mi nafanya hapa Goma

Jambo ba prof. Mi nafundisha komptabilite, na kuko siku nusu ya klasi haifike, mvua, transport, na bile bintu bya mujini wote munajua, basi nikaanza kurekodi ekran ya ordinatere nikiwa naeleza kwa Excel, kisha natuma kwa WhatsApp ya klasi. Haiombe studio. Ordinatere, ekutere za telefone, na OBS Studio, ni programu ya bure ya kurekodi ekran, inatembea kwa Windows, Mac na Linux.

Hatua ya 1. Andika mistari tano kwa karatasi. Video moya, kintu kimoya: kujaza jurnali ni video, bilani ni ingine. Ikipita dakika 5, kata. Mi nilishafanya ya dakika 30, banafunzi bakaniuliza maswali yenye nilijibu mule mule ndani.

Hatua ya 2, sauti, na hapa njo kazi yote iko. Ekran ikiwa mubaya kidogo batavumilia, sauti ikiwa mubaya banafunga. Nyumba yangu ni ya mbao na mabati, mvua ikinyesha hata mi mwenyewe sijisikie, bado ba motari, bado grupe (jenereta) ya jirani. Kwa ile narekodi saa kumi na moya ya asubui, paka jogoo tu njo inanishinda. Mikro ya ekutere uishike chini ya kidevu, isiguse kola, juu ile kukwaruza inaua masikio. Ukijifunika blanketi pamoya na ordinatere utatoka jasho lakini sauti inakuwa safi. Rekodi sekunde 10 kwanza, uzisikilize kwa telefone, hapana kwa ordinatere, kwani ni kwa telefone batasikilizia.

Hatua ya 3, parametre. Kwa OBS weka ukubwa ya picha 1280 kwa 720, picha 10 kwa sekunde (Excel haikimbie, 30 ni ya nini?), bitrate (data ya kila sekunde) ya video 300 kbps, ya sauti 64 kbps. Dakika 5 inatoka mega 14 hivi. Na ukuze Excel paka 150%, wengine bako na telefone ndogo sana.

Hatua ya 4, format (aina ya fishie) ni MKV, hapana MP4. Siku moya nilirekodi dakika 40 kwa MP4, ordinatere yangu batri ilishakufa, kura (umeme) ikaenda, na fishie ikakataa kufunguka kabisa. MKV hata kura ikatike katikati, bile ulishasema binabaki. Ukimaliza, OBS yenyewe inaigeuza MP4 kwa sekunde kidogo, angalia kwa menu ya fishie.

Hatua ya 5. Funga WhatsApp ya ordinatere mbele ya kuanza! Ujumbe ya bibi yangu ilipanda pale kwa kona, klasi yote ikajua makala (makaa ya kupika) imeisha kwetu. Ukiwa unaeleza usiseme "hapa", sema "kolone C, mustari wa 7", juu kuko wenye banasikiliza tu bila kuangalia. Ukikosea usizime, nyamaza, piga kofi moya, rudilia sentensi. Siku ya kukata, ile kofi inaonekana kwa mustari wa sauti sawa mulima, unajua palepale mahali ya kukata.

Hatua ya 6, kutuma. Tuma kama dokima, hapana kama video, WhatsApp ikiifinya namba za Excel zinakuwa ukungu. Ipatie jina yenye inasomeka, 03-jurnali-kununua.mp4, kama hapana wiki ingine hakuna mutu ataipata. Wenye habana mega, mi nabaambia moya adanlode, bengine bapashane kwa Bluetooth kwenye rekre, na kwangu wa mbele kuipata ni wale ba benchi ya nyuma.