Mkono usisubiri mlango ufunguke wote

Ukishatoa silinda za hewa na kufunga aktueta za umeme (mota zinazosogeza sehemu za mashine) kwenye mkono wa kulisha mashine, usikimbilie kupandisha kasi ya juu. Kwenye safari fupi kasi hiyo haifikiwi: kwa milimita 400 na mchapuko (kiwango cha kuongeza kasi) wa 2 m/s², mkono hufika karibu 0.9 m/s tu, kisha unaanza kupunguza mwendo. Kuandika 1.5 m/s kwenye mipangilio hakubadilishi chochote. Pandisha mchapuko hadi 4, kama mzigo na kishikio (vidole vinavyoshika kipande) vinahimili, na safari inashuka kutoka sekunde 0.89 hadi 0.63.

Ila sekunde nyingi huliwa na mkono na mlango wa mashine kusubiriana. Aktueta yenye enkoda (kihisi cha mahali) inajua ilipo muda wote, kwa hiyo mkono uanze kuingia mara mlango unapofunguka kiasi cha kupita. (Mlango ukikwama je? Mkono uwe bado na nafasi ya kusimama, hilo usilibahatishe.) Kishikio nacho: kipande kikihitaji milimita 4 kuachiwa, kutanua vidole milimita 60 ni mazoea ya silinda tu.