Daftari la deni kwenye simu, bila kuandika msimbo

Jirani yangu hapa Majengo huuza mahamri na mbaazi asubuhi, na nusu ya wateja wake ni wa "nitakupa jioni". Daftari lake lilikuwa limelowa mafuta hata majina hayasomeki. Nikamtengenezea programu kwa MIT App Inventor, ambayo ni ya bure na hufunguka ndani ya kivinjari. Ilianzia Google, ikahamia MIT, chuo kikuu cha Marekani, na kazi yake ni kuburura bloku, yaani vipande vya amri, na kuzipachika. Mtoto aliyecheza Scratch, programu ya bloku ya kufundishia watoto, hatakusumbua kwa maswali.

Hatua ya 1. Fungua ai2.appinventor.mit.edu, ingia kwa akaunti yako ya Google, anzisha mradi, uite DeniLangu. Kwenye simu weka programu ya Companion ya App Inventor, inayoonyesha kazi yako unapoijenga. Simu na kompyuta ziwe kwenye Wi-Fi moja, kisha kwenye kompyuta bonyeza Connect, chagua AI Companion, na uskani kwa simu ile QR itakayotokea. Kila unalobadilisha utaliona papo hapo.

Hatua ya 2. Upande wa Designer, panapopangwa sura ya programu, buruta TextBox mbili (visanduku vya kuandikia), Button moja (kitufe), Label moja (ya kuonyesha maandishi) na TinyDB. Hiyo TinyDB haitaonekana kwenye skrini, usihangaike kuitafuta, ndiyo ghala. Badilisha majina mapema: Jina, Kiasi, Hifadhi, Jumla. Ukiacha TextBox1 na TextBox2, kesho utajichanganya mwenyewe. Kwenye Kiasi, weka tiki NumbersOnly, ili ikubali namba tu.

Hatua ya 3. Ingia Blocks, upande wa kupachika bloku. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilichukua bloku ya Hifadhi.Click (kitufe kikibonyezwa), nikaweka ndani yake StoreValue ya TinyDB, bloku ya kuhifadhi: tag, yaani lebo ya kutafutia, ni jina, thamani ni kiasi. Ikafanya kazi vizuri sana, nikampelekea. Siku ya tatu akanijia: "Mwanangu, huyu alikuwa na deni la 150, leo kachukua ya 40, simu yasema 40!"

Kosa langu. TinyDB ikipewa tag iliyopo tayari, hufuta thamani ya zamani na kuweka mpya. Haijumlishi. Kwa hivyo fanya hivi: ndani ya StoreValue, kwenye thamani, pachika bloku ya kujumlisha. Kushoto kwake weka GetValue, bloku ya kusoma kilichohifadhiwa, yenye tag ileile, kulia weka Kiasi.Text. Na pale palipoandikwa valueIfTagNotThere, ondoa maandishi matupu uweke 0, la sivyo mteja mpya atakuletea ujumbe wa kosa, kwani huwezi kujumlisha 40 na kitu kisichokuwepo.

Jambo jingine: kwa TinyDB, "Fatuma" na "fatuma" ni watu wawili, na nafasi mwishoni mwa jina yazaa wa tatu. Pitisha jina kwenye bloku za trim (huondoa nafasi za pembeni) na downcase (hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo) kila mahali unapoweka tag.

Hatua ya 4. Chini ya hapo, Jumla.Text isome GetValue. Mteja akilipa? Ongeza kitufe cha Lipa, nakili bloku zote kwa Duplicate, badilisha Hifadhi.Click iwe Lipa.Click na kujumlisha kuwe kutoa.

Hatua ya 5. Menyu ya Build itakupa APK, faili la kusakinisha programu kwenye simu ya Android. Itume kwenye simu yake, ruhusu usakinishaji kutoka nje ya Play Store. Mwonye tu asiifute programu kutafuta nafasi ya picha za harusi, maana madeni yote huondoka nayo. Wangu bado anaandika kwenye daftari pia, na simlaumu.